Dawa za Kusafisha Injini: Jua Uchafu Kabla ya Kununua Chupa

Wamiliki wa magari yaliyotumika miaka mingi wanashauriwa kutambua uchafu ulio ndani ya injini kabla ya kununua dawa ya kuusafisha. Chupa zinazouzwa madukani hufanana, lakini kazi zake ni tofauti, na dawa isiyofaa inaweza kuua injini ambayo ingehudumu miaka mingine.

Aina ya kwanza hutiwa kwenye tangi la petroli. Huondoa masizi yaliyoganda kwenye nozeli na vali za kuingiza hewa, yale yanayofanya gari liwake kwa shida asubuhi au litetemeke likiwa limesimama. Nyingi ya zile bora huwa na kemikali iitwayo PEA, soma chupa. Hatari yake ni ndogo. Hata hivyo, kwa injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, dawa hii husafisha nozeli tu, kwani petroli haipiti kwenye vali hizo.

Aina ya pili ndiyo ya kuchunga. Hii hutiwa ndani ya oili kuukuu, injini ikaachwa ingurume kwa dakika zilizoandikwa kwenye chupa, mara nyingi 5 hadi 15, kisha oili yote humwagwa na filta kubadilishwa. Gari ambalo limekuwa likicheleweshewa oili huwa na tope jeusi. Dawa ikilibandua kwa mabonge, mabonge hayo huweza kuziba chujio la pampu ya oili lililo ndani ya sampu. Oili isipopanda, taa nyekundu ya oili huwaka. Injini isipozimwa papo hapo, vyuma husagana vikavu. Isitoshe, wakati mwingine tope hilo ndilo linaloziba sili zilizochakaa, na likiondoka oili huanza kuvuja.

Kukagua si kazi ngumu. Injini ikiwa imepoa, fungua kifuniko cha kujazia oili na umulike ndani kwa tochi. Ukiona tope zito kama grisi, achana na chupa. Badilisha oili na filta kila kilomita 2,000 hadi 3,000, mara tatu au nne. Oili mpya ina viambato vinavyosafisha polepole. Utando mweupe kama maziwa ni dalili ya maji, na moshi wa samawati usiokoma huashiria ringi au sili zilizolika. Hayo ni ya fundi. Hakuna dawa inayorudisha chuma kilicholika, hata muuzaji aseme nini.

Oili iliyomwagwa isielekezwe kwenye mitaro wala kunyunyizwa barabarani kutuliza vumbi, maana mvua huisomba hadi mitoni. Ihifadhiwe kwenye mtungi wenye kifuniko na ikabidhiwe mkusanyaji wa taka aliye na leseni ya NEMA. Gereji nyingi zina pipa la oili chafu. Uliza kabla ya kumwaga.