Kabla Ulipie Kadi ya Grafiki, Angalia Mambo Haya

Una ile kompyuta ya mezani ya ofisi, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk, uliyonunua ikiwa imetumika, na sasa gemu zinakwama? Si lazima ununue mashine nyingine. Kadi ya grafiki ya bei nafuu inaweza kutosha, bora tu iingiane na uliyo nayo. Tunashauri uangalie hivi:

1. Umeme. Tundu la PCIe hutoa wati 75 tu, na pawa saplai za mashine hizi mara nyingi hazina waya wa ziada wa kadi. Chagua GT 1030, inayotumia wati 30 hivi, au GTX 1650 isiyohitaji waya huo.

2. Saizi. Kama kesi yako ni nyembamba, kadi ya kawaida haitaingia. Itisha ile ya kimo kifupi.

3. Memori. GT 1030 ziko mbili, ya GDDR5 na ya DDR4. Jina ni lile lile, lakini ya DDR4 iko polepole sana. Soma boksi.

Sasa malipo. Muuzaji wa mtandaoni akikuambia "tuma pesa kwanza", tulia. Beba mashine hadi dukani, kadi iwekwe na ijaribiwe ukiona. Ndipo ulipe kwa Till ya duka, si namba ya mtu binafsi. Soma jina kabla ya kuweka PIN, na usifute SMS: ndiyo ushahidi wako kadi ikisumbua. Pesa ikishatoka, kuirudisha ni kazi.