Jino Lijengavyo Dentini Mpya Baada ya Kuumia

Mfupa uliovunjika huunga, na ngozi iliyokatwa hufunga jeraha lake. Jino, kwa upande wake, hudhaniwa na wengi kuwa ni kitu kikavu mfano wa jiwe, kisichoweza kujitengeneza. Dhana hiyo ni kweli nusu tu.

Nje ya kichwa cha jino pana enameli, ambayo kiasi cha asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Seli zilizoijenga hufa kabla jino halijachomoza, na kwa sababu hiyo enameli iliyomeguka hairudi. Chini yake ipo dentini, yenye madini kiasi cha asilimia 70. Sehemu iliyobaki ni maji na protini, hasa kolajeni. Katikati kabisa umo moyo wa jino, yaani tishu laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu.

Seli zijengazo dentini huitwa odontoblasti. Zimejipanga pembezoni mwa moyo wa jino, na kila moja hupenyeza mkia mwembamba katika kijineli kilichomo ndani ya dentini. Mikia hiyo ilielezwa na John Tomes wa Uingereza mwaka 1856. Jino linapokua, seli hizo huongeza dentini kiasi cha sehemu 4 za elfu za milimita kwa siku. Jino likisha kukomaa, kazi hupungua sana lakini haikomi.

Bakteria wa kinywani hugeuza sukari kuwa asidi, nayo huyeyusha madini ya jino. Dhara likiwa dogo, odontoblasti zilezile huzidisha kazi na kuongeza dentini upande unaoelekea jeraha. Asidi yenyewe huchochea jambo hilo: inapoyeyusha dentini, huachilia protini za ukuaji zilizofungiwa humo tangu dentini ilipojengwa.

Dhara likiwa kubwa, odontoblasti hufa. Hapo seli za shina zilizomo katika moyo wa jino, ambazo zilitengwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 2000, husogea na kushika nafasi yao. Dentini wanayoijenga wafanyakazi hao wapya huwa na vijineli vichache visivyonyooka, na pengine hufanana na mfupa. Hata hivyo, ni ukuta.

Ushahidi wa kazi hii huonekana kwa wazee. Meno yao huweza kusagika mpaka enameli ikaisha juu, lakini moyo wa jino usifunuke, kwa kuwa dentini iliongezwa ndani kadiri ilivyolika nje.

Matabibu huutumia uwezo huo. Mwaka 1920 Hermann wa Ujerumani alianzisha matumizi ya haidroksidi ya kalisi, ambayo ikiwekwa juu ya moyo wa jino huchochea ujenzi. Mwaka 2017 watafiti wa London waliweka dawa iitwayo tideglusib katika meno ya panya, na dentini ikaongezeka.

Lakini ujenzi huo ni wa polepole, na huhitaji moyo wa jino ulio hai. Bakteria wakiutangulia ukuta, moyo huo huoza na kufa, na hakuna seli ibakiayo kujenga. Maumivu yakitulia ghafula bila tiba, huenda si dalili ya kupona. Huenda ni dalili kwamba wajenzi wamekufa. Kwa hiyo tundu dogo lisilouma ndilo lifaalo kupelekwa kwa tabibu, wakati jino lingali na uwezo wa kujisaidia.