Mkilua Usitutoke

Wasomaji wangu, hivi karibuni nilihudhuria arusi ya binti wa ndugu yangu huko Msambweni. Usiku wa kumpamba bibi arusi, shangazi yake aliulizia kilua cha kutia katika kikuba. Asumini ilikuwapo, rihani ilikuwapo, lakini kilua hakikupatikana mtaa mzima. Mkilua alioupanda marehemu mama yetu karibu na kisima ulikatwa tulipojenga vyumba vya kupangisha. Na aliyetoa ruhusa ukatwe ni mimi. Niliinamisha kichwa nisionekane uso.

Mkilua si mti wa kuja. Asili yake ni misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Mwaka 1970, Bernard Verdcourt, bingwa wa mimea wa bustani ya Kew, Uingereza, alipouingiza katika vitabu vya elimu, jina la kwanza aliloupa lilikuwa hilo hilo la bibi zetu: Mkilua. Wengi huuchanganya na mlangilangi. Kweli ni jamaa moja, pamoja na mstafeli na mtopetope, lakini mlangilangi umetoka Asia.

Ukipita barabara ya Diani utaona mbugenvilia kutoka Amerika ya Kusini, na mikrismasi ya asili ya Bukini iliyowaka nyekundu. Ni mapambo mazuri, sina ugomvi nayo. Lakini hayo ni maua ya macho. Kilua ni ua la pua na moyo.

Basi tuupande. Mkilua umezoea kuishi chini ya miti mikubwa, kwa hiyo usiuweke juani. Utafutie kivuli, kama cha mwembe. Mbegu zipandwe zingali mbichi. Ardhi yetu ni ya mchanga na mawe, hivyo chimba shimo pana, utie samadi iliyooza na majani makavu. Panda masika yaanzapo, na upepo wa kaskazi ukija usiache kunywesha maji. Mti huu hauna haraka. Nawe usiwe nayo.

Ila tusiende kung'oa miche katika makaya. Kaya Kinondo, pale Diani, ina miiko yake, na tangu 2008 imo katika urithi wa dunia wa UNESCO. Mwombe mbegu jirani aliye nao.

Dini yetu imetufundisha kwamba kupanda mti ni sadaka. Mimi nimekwisha kuchimba shimo, pale pale karibu na kisima.

Mkilua mti wetu, tusiuache ukafa,
Una harufu ya kwetu, yenye heshima na sifa,
Kwa wake na mama zetu, huwapamba kwenye dhifa,
Mche mmoja kwa mtu, tuuzibe huu ufa.