Sindano, Mlo na Basi la Alfajiri

Mgonjwa wa kisukari apewapo rufaa kutoka Kibondo au Kasulu kwenda Bugando, Mwanza, hupanda basi kabla ya mapambazuko. Wengi hudunga insulini, kisha hujinyima chakula na maji, wakiona haya kuomba kuchimba dawa njiani. Sukari hushuka: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, abiria jirani hudhani ni usingizi tu.

Insulini ya muda mfupi hudungwa mlo ukiwa mbele. Ratiba ya siku ya safari iulizwe kliniki mapema. Ndizi za kuchemsha ziwe mkobani, sukari mfukoni, na jirani aambiwe. Dawa isiwekwe kwenye buti lenye joto. Mwanza, chumba kisicho na jokofu si kikwazo: chupa iliyofunguliwa kwa kawaida hudumu siku 28, mradi joto lisizidi nyuzi 30.