Mnyoo Mwizi na Mnyoo Mlinzi

Muhula uliopita nyanya za bustani yetu zilinyauka. Tulipozing'oa, tuliona vinundu tele mizizini. Mimi nilikuwa wa kwanza kusema, "Tumwage dawa, minyoo wote wafe!" Mwalimu wetu wa Biolojia akanizuia: "Kwanza uwajue."

Tukafunga udongo katika kitambaa, tukaulaza ndani ya faneli yenye maji hata asubuhi. Minyoo wakatoka, wakazama chini. Kwa hadubini niliona wa namna mbili. Mwizi ni mdogo, kama nusu milimita, naye ana sindano kinywani ya kutobolea mizizi. Mwingine, Mononchus, hupita milimita moja. Kinywa chake ni kama pipa, na ndani mna jino. Huyu hula minyoo wenzake! Mtaalamu wa Marekani, Nathan Cobb, aliandika habari za jamii hii mwaka 1917.

Lakini macho hudanganyika, maana aina zake hufanana mno, hasa wakiwa wachanga. Hapo wataalamu husoma DNA, yaani maandishi ya urithi yenye herufi nne, wakailinganisha na ya minyoo waliokwisha kujulikana. Hata hivyo umbo halitupwi, kwa kuwa DNA haiwezi kumtaja mnyoo ambaye hakuna aliyemtambua kwanza kwa umbo lake.

Basi dawa haikumwagwa, tulitia samadi. Ningaliachiwa siku ile, ningalimwua mlinzi pamoja na mwizi.