Mgonjwa mmoja, kliniki tatu

Wazee wetu wengi wiki hii wako kliniki ya presha, wiki ijayo kliniki ya sukari, na katikati wanapita duka la dawa la mtaani kutafuta cha kutuliza magoti. Kila wanakopita wanaongezewa vidonge. Mtu wa kuvitazama vyote kwa pamoja mara nyingi hayupo, na hapo ndipo wanapoumia.

Kuwa na magonjwa sugu mawili au zaidi ni jambo la kawaida uzeeni. Utafiti wa Scotland uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la The Lancet ulipitia kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya milioni 1.7. Wengi wa waliofikisha miaka 65 walikuwa katika hali hiyo, na kwenye maeneo ya kimaskini kabisa ilianza miaka 10 hadi 15 mapema kuliko kwa wenye nafuu. Magonjwa yenyewe huitana. Sukari nyingi huharibu mishipa midogo ya damu kwenye figo na macho, presha nayo hushambulia mishipa hiyohiyo. Na mwenye kisukari yumo katika hatari ya kuugua kifua kikuu mara mbili hadi tatu kuliko asiye nacho.

Tiba nayo huzaa ugonjwa. Bibi anapewa amlodipini ya presha. Dawa ni nzuri, ila kwa baadhi ya watu huvimbisha vifundo vya miguu. Akienda kwingine na miguu imevimba, anaandikiwa furosemaidi, dawa ya kupunguza maji. Sasa anaamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo, anapoteza madini ya potasiamu, kichwa kinazunguka akisimama, anaanguka na kuvunjika nyonga. Kumbe uvimbe ule ungeisha kwa kupunguziwa dozi au kubadilishiwa dawa.

Ninachokihofia zaidi ni diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, kwa sababu inanunuliwa kirahisi mno. Hupandisha presha, na ikikutana na enalaprili ya presha pamoja na dawa ya kupunguza maji inaweza kuziangusha figo, hasa mzee akiwa ameharisha au hanywi maji ya kutosha. Daktari wa presha ataona vipimo vimepanda na kuongeza dozi, maana hakuna aliyemwambia habari za magoti.

Tanzania ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, na dirisha la wazee hospitalini linawafupishia foleni. Hata hivyo, kupita dirisha hilo hakumpi mzee daktari mmoja wa kushika mambo yake yote. Mpaka apatikane, kazi inabaki kwa familia: kila kilichomo ndani, cha hospitali, cha dukani na dawa ya asili, kitiwe kwenye mfuko mmoja na kupelekwa kwa daktari au mfamasia. Aulizwe kila kimoja kinatibu nini, na kama bado kinahitajika. Msimwachishe mzee dawa wenyewe nyumbani.

Muulizeni daktari pia kuhusu kiwango cha sukari. Kwa mzee aliyedhoofika, madaktari huweza kulegeza lengo, kwa kuwa sukari kushuka ghafla humdhuru haraka kuliko kupanda kidogo. Glibenklamidi, dawa ya kisukari, inajulikana kwa kushusha hivyo, hasa kwa mzee ambaye figo zimechoka na anakula mlo mmoja kwa siku.