Maji Yanapojaa Mapafuni: Dawa Ipi Ichaguliwe?

Askari mstaafu analetwa hospitalini usiku wa manane. Hawezi kulala chali. Anahema kama mtu anayezama, na miguu imevimba hata viatu havimwingii. Moyo wake umechoka kusukuma damu, na maji yamejaa mapafuni. Muuguzi humketisha wima na kumpa oksijeni ikiwa imepungua katika damu. Kisha ndipo lijapo suala la dawa.

Dawa za kuongeza mkojo ni nyingi, wala hazifanani, kama bunduki na mzinga zisivyofanana. Spironolaktoni huchukua siku kadhaa kuonyesha nguvu zake. Manitoli kwanza huvuta maji na kuyaingiza katika damu, hivyo moyo ulioelemewa huzidi kuelemewa. Furosemidi ndiyo dawa ya saa ya hatari. Kidonge chake huanza kazi baada ya dakika 30 hadi 60, na tumbo lililovimba hukipokea polepole. Sindano ya mshipani huanza kwa dakika 5 tu, na nguvu zake hudumu takriban saa 2.

Daktari ndiye aandikaye dawa, lakini ulinzi wake u mikononi mwa muuguzi. Hupima shinikizo la damu kabla ya kudunga. Dozi kubwa haisukumi upesi, kwani yaweza kudhuru masikio. Potasiamu huangaliwa, maana ikishuka sana moyo hupiga ovyo. Kila asubuhi mgonjwa hupandishwa mizani ile ile: kilo 1 iliyopungua kwa siku moja ni karibu lita 1 ya maji.

Mkojo nao hupimwa. Baadhi yetu huicheka kazi hiyo. Hata hivyo, mwaka 1919 huko Vienna, ilikuwa kumbukumbu za mkojo zilizoandikwa na wauguzi zilizomwonyesha mwanafunzi wa utabibu, Alfred Vogl, kwamba dawa ya zebaki aliyomdunga mgonjwa wa kaswende ilikuwa inatoa maji mwilini kwa wingi ajabu. Zebaki hiyo ilitumika kwa miaka mingi, hadi dawa salama zaidi zilipopatikana.

Basi askari aliyelazwa ambaye kwa haya hujikokota msalani kwa siri, akamwaga mkojo usiopimwa, humfanya muuguzi aamini kwamba sindano imeshindwa. Na baada ya saa chache daktari huenda akaagiza dozi maradufu.